Moto Ukizimika, Moshi Bado Unaua

Ifuatayo ni mada iliyotolewa na daktari wa wodi ya majeruhi wa moto mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili, waliokutana kupanga kazi za afya za mwaka. Tunaichapisha karibu yote, kwa kuwa wajumbe wengi waliomba nakala ya kwenda kuisoma na wenzao parokiani.



Katika ratiba imeandikwa kwamba nitazungumzia huduma kwa majeruhi wa moto. Nimemwomba Mwenyekiti aniruhusu nichague jambo moja tu ndani ya mada hiyo, nalo ni mtu aliyevuta moshi. Jeraha la ngozi kila mtu analiona na kulihurumia. Jeraha la moshi liko ndani, halionekani, na mara nyingi ndilo linalotuponyoka.

Kijana aliyeteremka mwenyewe

Nianze na habari ambayo sijivunii. Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado mgeni kazini, katika hospitali ambayo sitaitaja, tuliletewa wanafunzi saba wa bweni lililoungua. Ilikuwa saa nne usiku. Mshumaa ulikuwa umeangukia godoro la sponji. Wawili kati yao walikuwa wameungua mikono na mgongo, wakilia kwa maumivu, na sisi watatu tuliokuwa zamu tuliwakimbilia wao.

Mmoja wa wale saba aliteremka kwenye pikapu kwa miguu yake, tena akasaidia kuwabeba wenzake. Alikuwa ameungua kidogo tu shavuni. Nyusi zilikuwa zimebabuka na puani mlikuwa na masizi. Nilimwuliza hali yake, akanijibu, "Sijambo daktari, ni koo tu linakwaruza." Sauti yake ilikuwa kama ya mtu mwenye mafua. Tulimpa chai, tukamwambia apumzike kwenye benchi mpaka asubuhi.

Saa kumi alfajiri mwenzake alikuja mbio kutuita. Tulimkuta ameketi ameinama mbele, mate yanamtoka kwa kuwa hawezi kuyameza, na kila akivuta pumzi inasikika sauti kama mluzi. Tulijaribu kumpitishia mpira wa kupumulia, lakini koo lilikuwa limevimba hata hatukuiona njia. Kati yetu hapakuwa na aliyewahi kufungua njia ya hewa kwa kukata shingoni. Alifariki mikononi mwetu kabla ya jua kuchomoza. Wale wawili walioungua mikono na mgongo walipona wakarudi shuleni.

Baba yake alipofika nilimwambia kwamba mwanawe ameuawa na moshi. Sikumwambia kwamba dalili zote zilikuwa usoni mwa kijana tangu saa nne usiku, nami nilizitazama nisizisome. Mzee yule alinishika mkono akanishukuru. Shukrani ile imenikaa moyoni mpaka leo, na ndiyo inayonileta mbele yenu.

Moshi unafanya nini mwilini

Ndugu zangu, moshi humdhuru mtu kwa njia tatu, na ni vizuri kuzitenganisha kwa sababu kila moja ina saa yake na tiba yake.

Njia ya kwanza ni joto. Hewa ya moto huunguza mdomo, pua na koo. Kwa kawaida hupoa kabla ya kufika mapafuni, isipokuwa mvuke wa maji, ambao hubeba joto jingi zaidi na unaweza kuunguza hadi ndani. Koo lililoungua huvimba kama mkono ulioungua unavyovimba. Tofauti ni kwamba mkono una nafasi ya kuvimbia, bali koo halina. Uvimbe huanza ndani ya saa chache na kufikia kilele kati ya saa 12 na 24. Kwa mtoto mdogo, ambaye njia yake ya hewa ni nyembamba tangu mwanzo, uvimbe mdogo tu unatosha kuiziba. Hiki ndicho kilichomwua yule kijana.

Njia ya pili ni sumu zinazochubua mapafu. Moshi wa plastiki, rangi, mbao na sponji hubeba gesi kali na masizi yanayoshuka hadi kwenye mirija midogo ya mapafu. Utando wa ndani huchubuka, hutoa ute mzito, na vipande vyake huziba mirija. Shida hii huonekana polepole, siku ya pili, ya tatu au baadaye, mara nyingi ikifuatiwa na nimonia. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuonekana ana nafuu siku ya kwanza, kisha akazidiwa.

Njia ya tatu ni sumu zinazoingia kwenye damu. Iliyo maarufu ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii hujishikiza kwenye chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo oksijeni inakosa mahali pa kukaa. Mtu huumwa kichwa, husikia kichefuchefu, huchanganyikiwa, huzimia, kisha hufa. Nyingine ni sianidi, inayotoka hasa katika sponji, nailoni, sufu na plastiki zinazoungua. Hii huzuia mwili kuitumia hata ile oksijeni kidogo iliyobaki.

Mambo haya hayakujulikana kwa siku moja. Usiku wa tarehe 28 Novemba 1942 ukumbi wa starehe wa Cocoanut Grove uliungua mjini Boston, Marekani, na watu 492 walikufa. Wengi hawakuwa na majeraha makubwa ya ngozi. Madaktari wa huko walijifunza usiku ule kwamba mapafu yanaweza kuungua na ngozi ikabaki nzima. Zaidi ya miaka 70 baadaye, tarehe 27 Januari 2013, ukumbi wa Kiss uliungua mjini Santa Maria, Brazili. Cheche za fataki zilishika sponji iliyopachikwa darini. Walikufa watu 242, wengi wao kwa moshi. Sponji ile ni ndugu wa sponji iliyomo katika magodoro tunayolalia.

Mwaka 1987 madaktari wa hospitali ya jeshi la Marekani huko Texas walichapisha hesabu ya wagonjwa wao 1,058 wa moto. Waliona kwamba kuvuta moshi peke yake kunaweza kuongeza vifo kwa hadi asilimia 20 juu ya vile vinavyotarajiwa kwa ukubwa wa jeraha la ngozi. Nimonia peke yake, hadi asilimia 40. Vyote viwili vikikutana, hadi asilimia 60. Kwa hiyo tunapopima mgonjwa wa moto, haitoshi kukadiria ngozi iliyoungua ni kiasi gani. Lazima tuulize pia kuhusu moshi.

Tunamtambuaje aliyevuta moshi

Habari njema ni kwamba upimaji wa kwanza hauhitaji mashine. Unahitaji masikio, macho na maswali. Muuguzi wa zahanati anaweza kuufanya, na nathubutu kusema hata mjumbe wa kamati ya parokia anaweza kuusaidia.

Kwanza tunauliza: moto ulikuwa ndani ya chumba kilichofungwa, au nje? Alikaa ndani muda gani? Alizimia, au alitolewa akiwa amechanganyikiwa? Nini kilikuwa kinaungua? Aliyemtoa mgonjwa ndiye mwenye majibu, na mara nyingi huyo hubaki kijijini akimwaga maji. Nawaombeni sana, mtu huyo apande gari pamoja na mgonjwa, au aandike majibu kwenye karatasi na saa ya moto.

Pili tunatazama: uso umeungua? Nyusi na nywele za puani zimebabuka? Kuna masizi ulimini na puani? Makohozi ni meusi? 

Tatu tunasikiliza. Mfanye mgonjwa aseme jina lake, na ndugu yake aseme kama hiyo ndiyo sauti yake ya siku zote. Sauti iliyobadilika ni onyo. Kikohozi kisichokoma ni onyo. Kushindwa kumeza mate, au mluzi wakati wa kuvuta pumzi, hilo si onyo tena. Hapo njia ya hewa inafunga na hakuna dakika ya kupoteza.

Dalili moja peke yake haitoshi kuthibitisha, na kukosekana kwa dalili moja hakumpi mtu usalama. Lakini chumba kilichofungwa pamoja na dalili mbili au tatu, huyo tunamhesabu kuwa amevuta moshi mpaka ithibitike vinginevyo. Picha ya eksirei ya kifua siku ya kwanza inaweza kuwa safi kabisa, isitudanganye. Kipimo cha uhakika ni mrija mwembamba wenye kamera unaopitishwa mpaka ndani ya mirija ya mapafu, nacho kinapatikana katika hospitali chache kubwa.

Niwaonye hapa kuhusu kifaa kimoja mnachokifahamu. Tangu janga la UVIKO-19 lililoanza mwaka 2020, zahanati nyingi zimepata kile kipimo kidogo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni. Ni kifaa kizuri na tunakihitaji. Lakini kwa mtu aliyevuta moshi kinadanganya. Hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba kaboni monoksidi, hivyo kinaweza kuonyesha 98 kwa mtu anayekufa kwa kukosa oksijeni. Midomo yake nayo inaweza kubaki na rangi nzuri. Mhudumu asiyelijua hili atasoma 98, atatabasamu, na atamrudisha mgonjwa nyumbani. Kifaa kije pamoja na mafunzo.

Tunamtibuje

Tiba ya kwanza ni oksijeni, nyingi na mapema, bila kusubiri kipimo. Mtu akipumua hewa ya kawaida, kaboni monoksidi iliyo kwenye damu huchukua saa nne hadi tano kupungua kwa nusu. Akipewa oksijeni safi kwa barakoa yenye mfuko, muda huo hushuka hadi dakika 60 au 90. Hapo ndipo penye tofauti kati ya mtu kuamka na akili zake na mtu kutoamka.

Tiba ya pili ni kulinda njia ya hewa. Mgonjwa akalishwe, asilazwe chali. Akiwa na dalili za koo kuvimba, mtaalamu wa usingizi ampitishie mpira wa kupumulia mapema, wakati njia bado iko wazi. Ndugu wengi hushangaa: mgonjwa anazungumza, kwa nini mnamtia mpira? Jibu ni kwamba baada ya saa sita huenda isiwezekane tena. Si kila aliyepita karibu na moshi anahitaji mpira, kwa maana nao una hatari zake. Asiyeuhitaji hukaa chini ya uangalizi angalau siku nzima, na sauti yake inasikilizwa tena na tena usiku kucha.

Baada ya hapo kazi ni ya uvumilivu. Anayeungua ngozi na kuvuta moshi kwa kawaida huhitaji maji mengi zaidi ya dripu kuliko aliyeungua ngozi tu, nasi huyapima kwa kutazama mkojo wake kila saa. Tunamgeuza, tunamkohoza, tunafyonza ute, tunampa dawa ya kupanua mirija akibanwa, tunamkalisha na kumtembeza mapema. Hatumpi antibiotiki kwa kujikinga tu, bali pale nimonia inapoonekana, wala hatumpi dawa za steroidi kwa sababu ya moshi. Kwa sianidi ipo dawa iitwayo hidroksokobalamini, ambayo mtu mzima hupewa gramu 5 kwa mshipa. Ni dawa nzuri lakini ni ghali, na katika hospitali za vijijini haipatikani.

Niwape mfano wa pili ili msidhani nimekuja na huzuni tupu. Mama mmoja alimtoa mtoto wake wa miaka mitano katika chumba kilichoungua. Ngozi ya mtoto ilikuwa karibu nzima. Katika zahanati walipofika, muuguzi wa zamu alikuwa amepata mafunzo yetu. Alimwambia mama, "Mfanye alie kidogo nimsikie." Alisikia sauti imekauka, akaona masizi ulimini, na hakusubiri asubuhi. Aliweka oksijeni, akapiga simu, na mtoto alitufikia saa saba usiku. Mtaalamu wa usingizi alipopitisha mpira alikuta uvimbe umeshaanza. Siku ya tano tuliutoa. Mtoto yule alitoka wodini akipiga kelele za kudai soda. Tofauti kati yake na yule kijana wa kwanza haikuwa mashine kubwa. Ilikuwa ni muuguzi mmoja aliyefundishwa kusikiliza.

Mambo ya kufanya na ya kuacha nyumbani

Moto ukitokea, toka ukitambaa, kwa kuwa hewa safi iko chini. Ukishatoka usirudi kuchukua mali. Mtoe mgonjwa mahali penye hewa safi, mkalishe, mfungulie nguo za shingoni. Ngozi iliyoungua imwagiwe maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha ifunikwe kitambaa safi. Usipake mafuta, dawa ya meno, mayai wala kinyesi cha ng'ombe.

Usimnyweshe maziwa. Najua desturi hii ina nguvu, na wazee wetu waliifuata kwa nia njema, wakiamini kwamba maziwa husafisha moshi. Maziwa huenda tumboni. Moshi uko mapafuni na kwenye damu. Na mtu ambaye koo lake linavimba, au aliyechanganyikiwa, yale maziwa yanaweza kuingia kwenye mapafu yake. Hata ile chai tuliyompa yule kijana lilikuwa kosa.

Neno jingine kwa parokia za nyanda za baridi: msilale na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa ulioshika vizuri hautoi moshi unaoonekana, lakini hutoa kaboni monoksidi ile ile. Watu wa nyumba nzima wanaweza kulala wasiamke. Mkimkuta mmoja hivyo, fungueni madirisha, mtoeni nje, mpelekeni penye oksijeni.

Tunachowaomba wafadhili

Wafadhili wetu wapendwa, nitasema wazi kama mlivyonitaka. Mara nyingi huwa tunaletewa mashine kubwa. Nimewahi kuona mashine ya kupumulia imekaa kwenye sanduku lake kwa sababu vichujio vyake haviuzwi huku na hakuna fundi. Hatudharau zawadi, tunaomba mtuulize kwanza.

Chukueni oksijeni. Zile mashine ndogo zinazotengeneza oksijeni kutoka hewani, nyingi hutoa lita 5 kwa dakika, na zinawafaa sana watoto wenye nimonia. Lakini aliyevuta moshi tunataka kumpa lita 15 kwa dakika, yaani lita 900 kwa saa. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 unakwisha kwa saa saba na nusu hivi. Maana yake ni kwamba mgonjwa mmoja anaweza kumaliza mtungi mmoja usiku mmoja, na moto wa bweni hauleti mgonjwa mmoja. Baada ya UVIKO-19 hospitali nyingi kubwa zimepata mitambo ya kuzalisha oksijeni, lakini mtungi hauwezi kutembea wenyewe mpaka kituo cha afya cha milimani. Tunahitaji mitungi ya akiba, barakoa zenye mfuko za wakubwa na za watoto, na fedha ya gari la kuijaza. Ni vitu visivyopendeza kwenye picha. Ni vyenye kuokoa.

Cha pili ni mafunzo. Kila zamu ya usiku katika vituo vyetu iwe na mtu mmoja anayeweza kupima njia ya hewa na kuanza oksijeni, na kila hospitali yetu iwe na mtu anayeweza kupitisha mpira, au kufungua njia shingoni ikibidi. Cha tatu ni mfuko mdogo wa rufaa parokiani, ili familia isikae mpaka asubuhi ikichangishana mafuta ya gari huku koo la mtoto linafunga.

Tunachoziomba kamati za parokia

Nimeacha la mwisho lile linalotuhusu zaidi sisi wenyewe, kwa kuwa parokia nyingi hapa zina shule za bweni.

Mwaka 1994 wasichana zaidi ya 40 walikufa katika bweni la shule ya sekondari Shauritanga, Rombo. Mwaka 1998 wasichana 26 walikufa Bombolulu, pwani ya Kenya. Mwaka 2001 wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos, ambako mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Mwaka 2009 wasichana 12 walikufa Idodi, Iringa. Mwaka 2020 wanafunzi 10 walikufa katika shule ya Byamungu, Kyerwa. Mwaka 2024 wavulana 21 walikufa Hillside Endarasha, Nyeri. Hawa ni watoto wa dini zote na makabila mengi.

Serikali ya Kenya ilitoa mwongozo wa usalama wa shule mwaka 2008. Unaagiza kwamba madirisha ya bweni yasiwe na nondo, milango ifunguke kwa nje na isifungwe wanafunzi wakiwa ndani, kila upande wa bweni uwe na mlango, na vitanda viachane angalau mita 1.2. Mwongozo umeandikwa vizuri. Lakini karatasi haifungui dirisha.

Najua kwa nini tunaweka nondo. Tunawaogopa wezi, na kwa mabweni ya wasichana tunaogopa mabaya zaidi. Hofu hiyo ni ya kweli na siichezei. Wekeni mlinzi, wekeni taa, wekeni uzio. Lakini bweni lenye nondo dirishani na kufuli mlangoni, moto ukitokea, ni chungu kilichofunikwa. Moshi wa godoro moja unaweza kulijaza kabla mlinzi hajaupata ufunguo. Hakuna daktari, hakuna mtungi wa oksijeni, utakaofika kwa wakati huo.

Kwa hiyo naomba kila kamati ifanye jambo moja kabla ya mkutano ujao. Nendeni kwenye bweni la shule yenu usiku, saa nne, watoto wakiwa wamelala. Msitoe taarifa. Tazameni kama mlango umefungwa kwa kufuli na ufunguo uko kwa nani. Hesabuni madirisha yanayofunguka. Ulizeni watoto wangapi wanasoma kwa mshumaa umeme ukikatika, na muwatafutie taa za sola. Kisha piga kengele mwone wanatoka kwa dakika ngapi. Andikeni mlichokiona, mkilete hapa, hata kama kinatia aibu. Mimi nimeleta aibu yangu leo.

Fundi wa kukata nondo na kugeuza mlango ni wa hapa hapa kijijini, na gharama yake ni ndogo kuliko mtungi mmoja wa oksijeni na vifaa vyake. Nikilazimishwa kuchagua fedha yenu ianzie wapi, nitasema ianzie hapo, kisha ije kwangu wodini.

Wenye maswali nitakuwepo mpaka jioni, na wenye shule za bweni wasiondoke kabla hatujapanga tarehe.